BARAZA LA NYUMBANI: Twiga wa Ukutani na Twiga wa Mwituni



Mwezi uliopita tuliahidi kuendelea na mazungumzo yetu juu ya adabu za chakula, na ahadi ni deni. Lakini twaomba radhi, maana limetokea jambo katika madrasa yetu hapa Korogwe ambalo limetushughulisha moyo. Na kabla hatujalimaliza ikatufikia barua ya bibi mmoja wa Handeni yenye maswali mawili yanayoelekea huko huko. Basi adabu za chakula tutazirudia inshaallah, na kwa kweli, kama msomaji atakavyoona mbele, hatutakuwa mbali nazo sana.

Jambo lenyewe ni hili. Wazee wa mtaa walijitolea wakatupakia chokaa kuta za madrasa, kazi ya siku mbili, nasi tukafurahi mno kwa weupe ule. Siku ya tatu, baada ya sala ya alasiri, tulikuta nyuma ya mlango mnyama mkubwa amechorwa kwa mkaa, shingo yake yakaribia mapaa, mwili mzima una mabaka, na miguu yake minne mirefu imekanyaga hewa. Aliyechora hakujificha, viganja vyake vilikuwa vyeusi. Ni mtoto wa miaka tisa, mpole, mwenye hifdhi nzuri kupita wenzake. Tulimchapa viboko viwili, na mbele ya watoto wote tukasema kwamba kuchora kiumbe chenye roho ni dhambi.

Usiku ule usingizi ulitupaa. Maana yakini tulijua kwamba hatukumchapa kwa ajili ya dhambi. Tulimchapa kwa ajili ya chokaa yetu, kisha hasira yetu tukaivisha kanzu ya dini ili ionekane ina heshima. Sisi walimu wa vyuo tuna ugonjwa huu, na ni afadhali tuutaje wenyewe kuliko kutajiwa.

Asubuhi yake tulimwita mtoto faragha, tukamtaka radhi, naye akaona haya kuliko sisi. Tukamwuliza amemwona wapi mnyama yule. Akajibu, "Segera, Maalim. Kwenye picha za kuuza, mama aliposhuka kununua machungwa." Tukamwuliza kama amjua ni mnyama gani. Akasema ni twiga, kisha kwa adabu kabisa akauliza, "Maalim, twiga hula watu?"

Tukamwambia kwamba hula majani ya miti ya juu, hasa migunga, na kwamba hamdhuru mtu asiyemwandama. Akafikiri kidogo, akauliza tena, "Wewe umemwona?" Hapo ikatubidi kusema kweli. Tumemwona mara moja tu katika maisha yetu, kwa dirisha la basi, Mikumi, tukiwa watu wazima wenye watoto. Nasi tumezaliwa Handeni! Marehemu baba yetu alikuwa akitusimulia jinsi walivyowaona utotoni wakivuka njia wakati wa kiangazi, shingo zao zikitokeza juu ya vichaka kama watu waliopanda juu ya paa. Kwa baba ni kumbukumbu. Kwetu ni dirisha la basi. Kwa mwanafunzi wetu ni picha ya kuuza, na hajui kama mnyama huyu hula majani au hula watu. Vizazi vitatu tu vimepita.

Sasa tuingie katika barua ya bibi wa Handeni. Swali lake la kwanza lasema kwamba kijana wake arudiye kutoka Dar es Salaam amemletea picha ya twiga wawili iliyopakwa rangi kali juu ya ubao, na jirani amemwambia kuwa malaika hawataingia ukumbini mwake. Afanyeje?

Jambo la sura za viumbe wenye roho ni zito, wala sisi si wa kulipunguza uzito wake. Yamepokewa makemeo makali juu ya wasawiri. Kadhalika imepokewa kwamba Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amridhie, alikuwa na pazia lenye sura, Mtume (s.a.w.) akalichukia, naye akalikata akafanya mito ya kuegemea. Kwa sababu hiyo wanazuoni wetu wa madhehebu ya Shafii wametofautisha kati ya sura iliyotundikwa kwa kutukuzwa na sura iliyo kwenye mkeka au mto unaokaliwa. Wako wengine waliosema kwamba kilichokatazwa hasa ni masanamu yenye kivuli, na rai hii hutajwa kwa Al-Qasim bin Muhammad, mjukuu wa Sayyidna Abubakar. Mwenye kutaka salama aiondoe picha ukumbini, wala asigombane na kijana wake aliyemletea zawadi kwa mapenzi. Na mwenye kufuata rai ya pili asimwite jirani yake mjinga. Hayo ndiyo tuyajuayo, na aliye na mwanachuoni karibu naye amwulize.

Lakini kuna jambo moja katika mlango huu ambalo walimu wengi hulisahau, nasi tulilisahau siku ya viboko. Alipokuja msawiri kwa Ibn Abbas akilalamika kwamba hana chumo lingine ila kazi ya mikono yake, Ibn Abbas hakumfukuza tu na kumwacha na njaa. Alimwambia achore miti na vitu visivyo na roho. Alimfungia mlango mmoja akamfungulia mwingine. Sisi tulifunga mlango tukapiga na komeo.

Na tuseme kidogo juu ya picha zenyewe, kwa kuwa vijana wanatuandikia wakiuliza asili yake. Mtindo huu waitwa Tingatinga, kwa jina la Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru mwaka 1932. Wengi hawajui kwamba kabla ya kuwa maarufu alifanya kazi katika mashamba ya mkonge ya mkoa wetu huu wa Tanga, katika miaka ya 1950, zama ambazo vijana wengi wa kusini walikuja kukata mkonge. Baadaye akaenda Dar es Salaam, akafanya vibarua vya namna nyingi, na mwaka 1968 akaanza kuchora. Hakuwa na vifaa vya wasomi. Alitumia ubao mgumu wa kuwambia dari, na rangi za mafuta zile zipakwazo baiskeli, akauza picha zake Oyster Bay. Aliwachora tembo, chui, ndege, twiga. Mnyama mmoja mkubwa amejaza ubao mzima, kwa macho ya duara na madoa yaliyopangwa. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi akafa, kwa kudhaniwa kuwa mhalifu. Miaka minne tu ya kuchora! Jamaa na wanafunzi wake wakaishika kazi, na mwaka 1990 wakaunda chama chao cha ushirika. Leo nyumba kwa nyumba katika Ulaya na Marekani yaning'inia kazi ya mtindo wake.

Kwa hiyo twiga amekuwa kila mahali. Yumo kwenye mfuko wa saruji, yumo kwenye ndege za Shirika letu, yumo kwenye sinia na vitambaa vya meza, ndiye mnyama wa taifa. Mtu angetarajia kwamba anayetukuzwa hivi kwa rangi atakuwa ametulia huko mwituni. Mambo ni kinyume.

Katika mwaka 1985 twiga wa Afrika yote walikadiriwa kuwa zaidi ya 150,000. Kufikia mwaka 2015 wameshuka chini ya 100,000. Ndipo katika Desemba 2016 jumuiya ya kimataifa ya uhifadhi wa maumbile, IUCN, ikamwandika twiga katika daftari la wanyama walio katika hatari ya kutoweka. Na mwaka 2019 twiga wa namna yetu, aitwaye twiga wa Kimasai, ambaye ndiye wa Tanzania na kusini mwa Kenya, akapandishwa daraja ya hatari kubwa zaidi, kwa kuwa hesabu yake imepungua kwa nusu hivi katika miaka thelathini, wakabaki kama 35,000. Mwaka huo huo mataifa yakakubaliana kuitia biashara ya viungo vyake chini ya masharti. Watu wamepiga kelele sana kwa ajili ya tembo na kifaru, na ni haki yao. Huyu wa shingo ndefu alikuwa akipungua kimya kimya, kwa kuwa kila mtu akimwona ukutani alidhani yupo.

Na ni kiumbe gani huyu! Ana mifupa saba ya shingo, idadi ile ile tuliyo nayo sisi. Dume hufika urefu wa mita 5 na nusu. Moyo wake huweza kufika uzito wa kilo 11, maana una kazi ya kupandisha damu mlima ule wote hadi kichwani. Na ainamapo kunywa maji, humbidi kuitanua miguu ya mbele, na katika mishipa yake mna vizuizi vya kuzuia damu isimshukie kichwani kwa kishindo. Jike huchukua mimba miezi kumi na mitano, huzaa mtoto mmoja, tena huzaa amesimama, mtoto akaanguka chini kutoka karibu kimo cha mita 2. Na baada ya muda mfupi husimama akatembea. Mama wa nyumbani asomaye haya na ahesabu mwenyewe: mnyama abebaye mimba miezi kumi na mitano kwa mtoto mmoja, akiuawa majike kumi katika bonde moja, bonde hilo litangoja miaka mingapi?

Lakini linalotushangaza kuliko yote ni mabaka. Wachoraji wa picha za kuuza, kwa kutaka kwenda mbio, wana mabaka yao ya mazoea; ukiona ubao mmoja umeona mia. Mwituni hakuna twiga wawili wenye mabaka sawa. Watafiti katika Tarangire huwapiga picha, na kwa mashine za hesabu humtambua kila mmoja kwa mabaka yake, kama mtu atambuliwavyo kwa dole gumba. Na mwaka 2018 walieleza kwamba baadhi ya tabia za mabaka hayo mtoto huzirithi kwa mamaye. Mkono wa mwanadamu huchoka ukarudia kazi moja. Kudra ya Muumba haikurudia.

Wazee wetu katika dini hawakuwa wageni wa mnyama huyu. Al-Jahiz wa Basra, aliyefariki mwaka 255 Hijria, alimtaja katika kitabu chake kikubwa cha wanyama, na akaikataa hadithi ya watu wa zama zile kwamba zarafa ni mchanganyiko wa ngamia, ng'ombe wa mwitu na fisi. Na pwani yetu hii ndiyo iliyompeleka twiga Uchina. Mwaka 1414 mfalme wa Bengal alimpeleka mmoja kwa mfalme wa Uchina, na mwaka 1415 wajumbe wa Malindi wakafika na wa kwao. Wachina, ambao hawajapata kuona kitu kama kile, walidhani ni mnyama wa baraka wa hadithi zao. Yule wa Bengal alichorwa, kamba mkononi mwa mchungaji wake, na nakala za mchoro ule zipo hadi leo. Jemadari wa merikebu zilizokwenda na kurudi pwani hizi, Zheng He, alikuwa mtu wa nyumba ya Kiislamu kutoka Yunnan; baba yake na babu yake walijulikana kwa jina la Haji. Twayasema haya ili kijana asidhani kwamba kujua habari za wanyama ni kazi ya wageni wenye kofia za jua na darubini.

Sasa swali la pili la bibi, nalo ndilo lililotufanya tuandike mwezi huu wala tusingoje. Asema kwamba mara mbili amepita mtu usiku na nyama katika mfuko wa salfeti, bei rahisi, akisema ni ya pofu. Na mara ya pili mumewe akaona ngozi imebaki kwenye kipande, ina mabaka. Watoto walikuwa wameshakula ile ya kwanza. Auliza: nyama ya twiga ni halali?

Wanazuoni wamekhitilafiana. Imam Nawawi, aliyefariki 676 Hijria, nguzo ya madhehebu yetu, ametaja katika Al-Majmu' kwamba ni haramu. Imam Taqiyyuddin As-Subki, aliyekuja baada yake na kufariki 756 Hijria, naye ni Shafii vilevile, akaona ni halali, kwa kuwa hana meno ya kuwindia wala hali nyama. Na wako wa madhehebu mengine waliosema kama yeye. Ad-Damiri amezitaja kauli zote mbili. Hii ndiyo khitilafu yenyewe, nasi hatukuificha.

Walakini, bibi yetu, nyama ya mfuko wa salfeti haifiki hata kwenye mlango wa khitilafu hiyo. Twiga wa usiku hunaswa kwa waya. Mtego hushika shingo au mguu, mnyama akahangaika saa nyingi, pengine siku nzima, na mwenye mtego arudipo humkuta amekwisha kufa. Aliyekufa kwa kunyongeka ametajwa wazi katika Sura Al-Maida miongoni mwa vilivyoharimishwa. Hicho ni kibudu, hata angekuwa ni mbuzi wako mwenyewe wa akika. Na hata atokee mtu aape kwamba alimwahi akamchinja kwa jina la Mwenyezi Mungu, bado twauliza: mnyama alikuwa wake? Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 imemkataza. Na ijapokuwa tangu mwaka 2020 serikali imetoa kanuni za mabucha maalumu ya nyamapori, mabucha hayo yana leseni na hufunguliwa mchana, wala hayauzi mnyama wa taifa. Mali ya watu wote hailiwi gizani na watu watatu. Tena muuzaji amesema ni pofu naye ajua ni twiga. Amekwisha kusema uwongo kabla ya kupokea fedha.

Kuhusu ile ya kwanza, mliyokula kwa kutojua, msijitie unyonge. Asiyejua hana lawama, na Mwenyezi Mungu ni Mwingi wa msamaha. Kuhusu ya pili, mumeo alifanya vyema kuifukia. Lakini mlango wenu sasa waujua mlangoni ni nani. Twajua ni vigumu kumshitaki mtu wa kijijini ambaye pengine ni mkwe au somo. Tunaishi kwa kuvumiliana. Angalau aambiwe usoni kwamba asirudi, na jirani wa kushoto na wa kulia waambiwe sababu. Mtego hutegwa kwa kuwa kuna jiko linalongoja.

Pia tumesikia wako wadanganyifu wanaouza ubongo na mifupa ya twiga kwa wagonjwa kwamba ni dawa ya maradhi makubwa. Ni uwongo mtupu, na hukumu ya anayempokonya mgonjwa shilingi yake ya mwisho twaiacha kwa Anayejua.

Yapo mengine ya kusema juu ya mkaa. Handeni yetu yajulikana kwa mahindi na kwa mkaa; kila usiku magari hushuka njia ya Mkata yakiwa yamejaa magunia. Migunga ikatwayo ndiyo chakula cha mnyama huyu. Hatuwalaumu maskini wanaochoma, maana hata sisi chai yetu hupikwa kwa mkaa, na mtoto wetu alichorea mkaa huo huo. Twiga wangali wapo pande mbili zetu: Mkomazi upande wa kaskazini, iliyotangazwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2008, na Saadani upande wa bahari, ya mwaka 2005. Korogwe na Handeni tuko katikati. Mwenye shamba lenye migunga mikongwe michache mpakani, ambayo haimzuii kulima, na aiache. Mtume (s.a.w.) aliamuru makinda ya ndege yarudishwe kwa mama yao aliyekuwa akirukaruka juu ya watu kwa uchungu; nasi twawasomesha watoto hadithi hii kila mwaka, kisha twawatuma manati ili wasisumbue nyumbani.

Turudi kwa mwanafunzi wetu, maana wasomaji wataka kujua.

Ukuta tuliupaka tena, yeye akashika brashi nasi tukashika ndoo. Tulipomaliza tukampa kibao cha zamani na vipande vya chaki za rangi, tukamweleza habari ya Ibn Abbas na yule msawiri, tukamwambia kwamba miti ameruhusiwa, achore atakavyo. Alikaa chini ya mwembe hadi karibu na magharibi. Alipotuletea, tulikuta amechora mgunga mmoja mkubwa, na ardhi ya njano chini yake, wala hapana kiumbe chochote. Lakini majani ya mti yalikuwa yamepungua upande mmoja, tangu chini mpaka kimo fulani, na juu ya kimo hicho yamejaa kama kawaida. Tulidhani chaki ya kijani imemwishia. Tukamwuliza mbona mti wake umepungukiwa.

Akasema, "Ameshakula, Maalim. Ameondoka."